Kereng'ende, Shahidi wa Maji ya Mto

Katika nchi ya Keringet, kusini magharibi ya mji wa Nakuru kwenye miinuko ya Mau, asubuhi huwa na baridi kali na umande hukawia juu ya majani. Mtu ashukaye mtoni saa moja kuteka maji huona wadudu wachache sana wanaoruka. Lakini akirudi saa nne au saa tano, jua likiwa limekwisha kuyapasha mawe na matete, atawaona kereng'ende wakipita na kurudi juu ya maji: mmoja rangi ya samawati, mwingine mwekundu kama pilipili iliyoiva, mwingine mwenye michirizi ya kijani na nyeusi.

Watu wengi humtazama mdudu huyu kidogo kisha wakaendelea na kazi zao. Watoto humfukuza, na wengine humwogopa wakidhani kwamba mkia wake una mwiba. Hauna. Kereng'ende hana sumu, hanyonyi damu, wala hali mazao ya shamba. Yafaa ajulikane zaidi ya hivyo, maana mtu awezaye kumtambua aweza kupata habari za mto wake kwa macho yake mwenyewe, na habari hizo ni za kweli kuliko zile zinazopatikana kwa kuyatazama maji peke yake.

Kwanza jina. Mgeni afikaye Keringet aweza kudhani kwamba mahali hapo pameitwa kwa jina la mdudu huyu. Sivyo. Keringet ni jina la Kikalenjin, na kereng'ende ni neno la Kiswahili. Yamefanana kwa sauti tu. Tena katika kamusi za zamani neno hilo la kereng'ende hutumika pia kwa ndege wa jamii ya kwale mwenye miguu myekundu, hivyo mwindaji wa pwani asemaye kwamba amepata kereng'ende wawili kwa chakula cha jioni hakusudii wadudu.

Jamii hii ina mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni wale wanene wenye nguvu, ambao wakitua huyatandaza mabawa yao manne kama eropleni iliyotua uwanjani. Macho yao ni makubwa hata kwa wengi wao hugusana juu ya kichwa, na mabawa ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele. Fungu la pili ni wale wembamba kama sindano, warukao taratibu karibu na majani. Macho yao yametengana, mabawa yao yote yana umbo moja, na wengi wao wakitua huyakunja pamoja juu ya mgongo. Kiswahili hakikuwapa hawa wembamba jina lao peke yao, nao huitwa kereng'ende vile vile. Duniani pote zimekwisha kuandikwa aina zaidi ya 6,000. Na katika nchi za mashariki ya Afrika, kuanzia Sudan hadi Zimbabwe, aina zaidi ya 500.

MAISHA MAWILI

Kereng'ende tumwonaye akiruka yuko katika siku zake za mwisho. Maisha yake marefu yamekwisha kupita chini ya maji, mahali asipoonekana. Jike hutaga mayai majini au ndani ya jani la mmea ulio majini, na katika yai hutoka kiumbe asiyefanana na mama yake hata kidogo: hana mabawa, rangi yake ni ya tope, naye hutembea polepole juu ya mawe au hujificha katika mchanga. Wataalamu humwita lava. Hukaa huko majini majuma machache, au miezi mingi, na kwa aina nyingine miaka kadhaa, kwa kadiri ya aina yake na baridi ya maji. Katika muda huo hujivua ngozi mara kumi hivi, kila mara akizidi ukubwa.

Lava huyu ni mwindaji hodari. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa kama mkono wenye kiwiko, na mwishoni una meno ya kunasia. Kiluwiluwi cha mbu kikipita karibu, mkono huo hufyatuka ghafula na kukikamata. Lava wa wale kereng'ende wanene hupumua kwa kuvuta maji ndani ya utumbo wake kwa nyuma. Na akishtushwa huyasukuma maji hayo nje kwa nguvu, naye akaruka mbele kama mshale. Lava wa wale wembamba ana vipande vitatu kama vijani mwishoni mwa mwili, na hivyo humsaidia kupumua. Mtu akichota maji ya mtoni katika beseni jeupe, akayaacha yatulie, aweza kuwatofautisha kwa alama hiyo bila kuhitaji darubini.

Siku yake ikifika lava hupanda juu ya tete au jiwe, mara nyingi usiku au alfajiri, na ngozi ya mgongo ikapasuka. Kereng'ende mwenye mabawa hujitoa humo polepole, akiwa laini na mnyonge. Wakati huo ndege na siafu humpata kwa urahisi. Mabawa yakikauka huruka, wala hatarudi tena majini ila kwa kutaga. Wengi huishi majuma machache tu baada ya hapo.

Katika majuma hayo hakuna mdudu ampitaye kwa kuruka. Mabawa yake manne huweza kwenda kila moja kwa mwendo wake, hivyo aweza kusimama hewani, kugeuka ghafula, hata kurudi nyuma. Jicho lake moja lina vioo vidogo vidogo vifikavyo 30,000 katika aina nyingine. Miguu hana matumizi nayo sana kwa kutembea. Huipanga pamoja kama kikapu na kuteka nayo mbu na inzi wakiwa hewani. Waliomchunguza wameona kwamba katika mawindo 100 hufaulu mara 90 au zaidi. Simba hafikii hata karibu ya hapo. Lakini hodari huyu hawezi kitu akiwa na baridi, na ndiyo sababu hachomozi mapema katika Mau: hana budi kuota jua kwanza, au kuyatetemesha mabawa yake papo hapo alipotua mpaka misuli ipate joto.

Kwa kuwa hula mbu akiwa mtoto na akiwa mkubwa, watu wameuliza kama aweza kutumiwa kupigana na maradhi. Jambo hilo lilijaribiwa huko Yangon katika nchi ya Myanmar, katika miaka ya 1980. Lava wa kereng'ende walitiwa katika mitungi ya maji ya nyumbani, wenyeji wakashirikiana kuwatunza, na wale mbu waletao homa ya denge wakapungua sana. Kazi hiyo yataka uangalifu na lava wengi, na kereng'ende huruka mchana zaidi hali mbu wa malaria huuma usiku. Kwa hiyo mtu asije akaacha chandarua chake kwa sababu ameona kereng'ende uani.

MSAFIRI WA PEPO ZA KASKAZI

Si kereng'ende wote wanaohitaji mto. Yuko mmoja, rangi ya manjano yenye wekundu kidogo, urefu wa sentimeta 4 na nusu hivi, ambaye huzaliwa katika madimbwi ya mvua. Wataalamu humwita Pantala flavescens. Mvua ikianza hutokea kwa makundi makubwa juu ya mashamba na viwanja vya mpira, na lava wake hukua upesi, kwa majuma sita au hata pungufu, kabla dimbwi halijakauka.

Mwaka 2009 mtaalamu wa viumbe aitwaye Charles Anderson, aliyekaa miaka mingi katika visiwa vya Maldives, alitoa maelezo yaliyowashangaza wengi. Kila mwaka, kuanzia Oktoba, kereng'ende hawa hufika Maldives kwa maelfu, ingawa visiwa hivyo ni vya matumbawe na karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi. Basi haikuwa rahisi kusema kwamba wamezaliwa hapo. Anderson alilinganisha tarehe na pepo, akaonyesha kwamba wanatoka India, wakichukuliwa na pepo za juu angani, wakipita Maldives kuelekea Afrika ya Mashariki, ambako huwasili katika majira ya mvua za vuli. Huzaa katika madimbwi yetu, na vizazi vifuatavyo huendelea na safari mpaka vingine vikarudi India majira ya pepo yakigeuka. Mzunguko wote ni kilometa 14,000 au zaidi, wala hakuna mdudu mmoja aumalizaye. Ni kazi ya vizazi vinne hivi. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rutgers huko Marekani walilinganisha asili ya kereng'ende hawa kutoka mabara mbalimbali, wakawaona wamekaribiana mno kwa damu.

Watu wa pwani hawatalistaajabia jambo hili sana, kwa kuwa kwa karne nyingi majahazi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi kwa njia zilizo karibu na hizo. Hata kozi wadogo watokao Asia huvuka bahari hiyo katika majira yale yale, na yaaminika kwamba hujilisha kereng'ende hao njiani.

WALIOGEUKA MAWE

Ukale wa jamii hii wapita akili. Katika machimbo ya makaa ya mawe ya Commentry, nchi ya Ufaransa, zilipatikana alama za mdudu mkubwa sana, na mwaka 1885 mtaalamu Charles Brongniart akamwita Meganeura. Mabawa yake yalipokunjuliwa, kutoka ncha hata ncha yalikuwa karibu sentimeta 70, yaani sawa na ya njiwa. Aliishi miaka milioni 300 hivi iliyopita, wakati ambapo hapakuwa na ndege wala mnyama mwenye manyoya. Mwenzake mkubwa kuliko yeye kidogo alipatikana Marekani. Hawa hawakuwa kereng'ende hasa, bali ndugu wa jamii yao waliokwisha kutoweka; lakini mtu wa Keringet angewaona leo, asingekosa kutambua umbo lao.

Kwa nini walikuwa wakubwa vile? Wengine husema kwamba hewa ya zamani hizo ilikuwa na oksijeni nyingi, labda sehemu 30 katika 100 badala ya 21 za leo, na mdudu, ambaye hana mapafu bali vijitundu vya kupitisha hewa mwilini, aliweza kukua. Wengine husema sababu ni kwamba hapakuwa na ndege wa kuwala. Huenda zote mbili zina kweli.

Bawa la kereng'ende ni jepesi kuliko karatasi. Ili liache alama katika jiwe lazima liangukie tope laini sana, kisha lifunikwe upesi pasipo kusumbuliwa. Mfano wa matope laini ya ziwa uko karibu na Gilgil, hapo Kariandusi, ambapo ule udongo mweupe mwepesi ni mabaki ya vijimea visivyoonekana kwa macho, vilivyotuama chini ya ziwa la kale. Huko Solnhofen katika nchi ya Ujerumani matope ya namna nyingine yalifanyika mawe ya chokaa, na ndani yake wamo kereng'ende wa miaka milioni 150 iliyopita. Mtu aweza kuihesabu mishipa ya mabawa yao, mmoja mmoja.

Mafundi na wachoraji nao hawakumpita. Kwa Wajapani wa zamani kereng'ende alikuwa mdudu wa ushindi, kwa kuwa wamemwona akienda mbele daima, na mashujaa wao walivaa umbo lake juu ya kofia za vita. Hadithi yao ya kale yasimulia kwamba inzi alimwuma mfalme mkononi, na hapo hapo kereng'ende akatokea akamla inzi huyo. Nchi yenyewe ikaitwa katika mashairi Visiwa vya Kereng'ende. Huko Ulaya, kinyume chake, mama waliwatisha watoto waongo kwamba kereng'ende atawashona midomo. Hata hivyo sonara wa Ufaransa, René Lalique, katika mwaka 1897 au 1898 alitengeneza pambo la dhahabu na almasi lenye kereng'ende mwenye kiwiliwili cha mwanamke, nalo liko katika jumba la makumbusho la Gulbenkian mjini Lisbon. Uzuri wake una kitu cha kutisha kidogo, kwa kuwa makucha yake ni makubwa kuliko yanavyohitajika.

JINA LA PROFESA MAATHAI

Heshima nyingine ilitolewa karibu zaidi na Keringet. Mwaka 2005 wataalamu wawili, Viola Clausnitzer na Klaas-Douwe Dijkstra, walieleza aina moja ya kereng'ende ambayo ilikuwa haijapewa jina. Huishi katika mito ya misitu ya milimani ya Kenya peke yake, na miongoni mwa mahali alipopatikana ni msitu wa Mariashoni katika Mau, ndani ya kaunti ya Nakuru hiyo hiyo. Walimwita Notogomphus maathaiae, kwa heshima ya Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, na kufariki mwaka 2011. Jina hilo halikutolewa kwa kumpendeza mtu mkubwa tu. Mdudu huyo ahitaji maji safi na kivuli cha miti ya asili. Msitu ukiondoka naye huondoka, na amekwisha kuandikwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Yuko na jirani yake katika Tanzania, kereng'ende mwembamba wa Amani, katika milima ya Usambara, ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote.

Msitu wa Mau umepata hasara kubwa. Mwaka 2001 serikali ilitoa zaidi ya hektari 60,000 za misitu hiyo ili zigawanywe, na katika hizo karibu hektari 23,000 zilikuwa za Mau Kusini Magharibi, upande wa Keringet. Kuanzia mwaka 2009 baadhi ya watu waliondolewa ili miti irudishwe, na habari hizo zina machungu yake ambayo si ya somo hili. Maji ya upande huo, kama ya mito ya Itare na Kiptiget, hukusanyika mwisho katika mto Sondu na kuingia Ziwa Victoria, hivyo kinachofanywa kando ya kijito cha Keringet huwafikia watu wasiopajua Keringet.

Miti ya ukingoni ikikatwa, jua huyapasha maji. Mvua huleta udongo wa shamba lililolimwa hata kingoni, na tope hilo huyafunika mawe na mchanga ambamo lava hujificha. Mtu akisafisha bomba la dawa ya viazi mtoni, lava hufa kabla ya samaki, wala hakuna aonaye. Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea: hudhani kwamba mto ulioharibika hauna kereng'ende. Mara nyingi unao, na pengine wengi kuliko ule wa msituni! Ni kwamba wale wapendao kivuli na maji baridi wamekwenda zao, na mahali pao wamekuja wale wavumilivu wapendao jua, ambao huzaa popote, hata katika bwawa la kunyweshea ng'ombe. Wingi si dalili ya mto mzima. Dalili ni aina.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa Afrika ya Kusini walifanya hesabu ya kupima mito kwa kereng'ende, na mwaka 2020 hesabu ya namna hiyo ikatolewa kwa bara zima la Afrika. Kila aina imepewa alama kuanzia 0 mpaka 9. Aliyeenea kila mahali na kuvumilia kila uharibifu hupata 0. Asiyeonekana ila katika mahali pachache, tena asiyestahimili mabadiliko, hupata 9. Aina zilizoonekana katika mto huandikwa, alama zao hujumlishwa na kugawanywa, na mto hupata daraja lake kama mwanafunzi. Kazi hii haihitaji dawa wala mashine, yahitaji macho, subira na kitabu cha picha. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilitaka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, kuanzia meta 6 hata meta 30 kwa kadiri ya mto. Mkulima aliyeuacha ukingo huo na kupanda miti ya asili badala ya mikaratusi aweza kuandika mwaka hata mwaka ni aina zipi zimerudi.

Na atakaye uhakika asiridhike na wale warukao, kwa kuwa mwenye mabawa aweza kuwa mpita njia. Atafute makoti yao. Lava akigeuka, ngozi yake tupu hubaki imeng'ang'ania tete au jiwe, kavu, rangi ya majani ya chai, na mgongoni ina mpasuko ambamo zimetokeza nyuzi nyeupe nyembamba. Koti hilo lathibitisha kwamba mwenyewe alikulia katika mto huo huo. Wanafunzi wanaweza kuyakusanya katika kibiriti kitupu na kuandika juu yake tarehe na jina la kijito. Wakati mzuri wa kuyatafuta ni asubuhi, kabla upepo na mvua ya alasiri havijayaangusha majini.